Chupa Safi za Mjomba

Machi 9

Watu wa chuo wameondoka asubuhi. Wameniachia kipimo chao nikijaribu msimu wote wa mvua, pamoja na daftari hili niandike tabia za kipimo. Tabia zake hazijazi hata ukurasa. Ni kisanduku cha ukubwa wa chombo cha chakula cha mwanafunzi, kina betri, kina joto ndani, na kina tundu la kuchomeka kipande cha plastiki chenye vidoa vya dhahabu. Unatia maji kwenye kichupa chenye chambo. Bakteria wa kinyesi, kama yuko hai, anakula chambo, na akishakula anatoa kitu ambacho kikigusa dhahabu kinazaa umeme kidogo sana. Walaji wakiwa wengi, umeme unapanda. Kisanduku kinausoma na kutoa namba baada ya saa moja tu, kikilia kukuita. Chini ya kumi kunywa, juu ya kumi chemsha. Maiti hali chakula, kwa hiyo bakteria aliyekufa hahesabiwi.

Kurasa zinazobaki ni zangu. Nina mengi ya kusema, na katika mamlaka hii ya maji hakuna mwenye masikio.

Machi 10

Mvua. Mwenzangu wa maabara, ambaye kazi yake ni kukuza bakteria kwenye sahani na kuhesabu vidoa siku inayofuata, amekizunguka kisanduku akasema, "Kinapewa maji kinajibu hapo hapo? Basi huyu ni mganga." Jina limeshika. Wakati wa kutoka hata mlinzi wa getini ameniuliza Mganga anataka kuku wa rangi gani.

Machi 12

Alhamisi ni siku ya sampuli. Nimetoka na Mjomba, nikiwa na Mganga mapajani.

Mjomba ni kaka wa marehemu mama. Yeye ndiye aliyeniingiza kazini nikiwa sijui bomba linaanzia wapi, na ndiye mchukua sampuli wa mji huu tangu nikiwa navaa sare ya shule. Miaka yote nimemwona akileta kasha la chupa kaunta ya maabara. Kumwona akizijaza, sijawahi. Sisi wa ndani hatutoki, na yeye wa nje haingii. Kila ndege huruka na ubawa wake.

Mtu msafi kama huyu sijui alizaliwa wapi. Kucha zimekatwa mpaka zinatia huruma. Akifika bombani anafuta mdomo wa bomba kwa spiriti, anauchoma kwa kiberiti, anaacha maji yatiririke, ndipo anafungua chupa. Wakati huo mimi nimeinamia kisanduku nyuma ya gari nikichomeka kipande changu. Nani ana muda wa kumtazama mtu anayejaza chupa?

Kituo cha mwisho ni bondeni, kwenye bomba la pamoja linalopata maji kutoka tangi la chini. Mjomba anakaa hapo hapo, nyumba ya tatu. Mkewe alitukaribisha. Sisi wote katika ukoo tunamwita Mama Kicheko, maana anacheka kabla hujamaliza kusema, halafu anauliza ulikuwa unasema nini. Tulikaa karibu saa nzima tukiongea, ndipo akatuletea maji kwenye bilauri, nami nikiwa na kiu nikaishika. Mganga akalia kwenye gari. Nikaenda kutazama. Arobaini na sita.

Nikairudisha bilauri mezani. "Mjomba, haya maji mnayachemsha?"

"Niyachemshe ya nini? Maji ninayopima mwenyewe kila wiki, nikiyachemsha si nimejiita mwongo?"

Mama Kicheko akacheka. "Mwambie, mwanangu. Mimi namwambia kila siku, ananijibu ana karatasi."

Machi 13

Sahani zote za jana safi. Ya bondeni ndiyo safi kuliko zote. Mwenzangu ameniletea niione kwa macho yangu, akaninong'oneza, "Mganga wako anahitaji mganga."

Machi 19

Alhamisi tena. Bondeni, Mganga kasema hamsini na mbili. Nimerudia kwa kipande kipya: hamsini.

Machi 20

Sahani safi. Mkurugenzi ameniita. Sisi tunamwita Utaratibu, kwa sababu neno hilo haliwezi kumkaa kooni. Nyuma ya kiti chake kuna bango la pongezi: miaka saba bila sampuli hata moja yenye doa. Amenisikiliza akifuta miwani.

"Sahani ni njia inayokubalika duniani kote," akasema. "Hicho kisanduku kipo majaribioni. Jaribio limeonyesha kwamba hakifai. Andika hivyo, tufuate utaratibu."

"Na kama sahani ndizo zimekosea?"

Aliniangalia kama niliyemtukania mama.

Machi 23

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Nguo hazikauki. Sina la kuandika.

Machi 26

Leo nimesikia harufu. Bomba la bondeni lilikuwa linanuka klorini kiasi cha kuwasha pua. Mjomba akavuta pumzi kwa raha zake. "Hiyo ndiyo harufu ya usafi, mpwa wangu."

Mganga: thelathini na tisa.

Wakati wa kurudi tulimkuta Fundi wa Dawa, yule anayetia klorini matangini, anaosha ndoo karibu na tangi la chini. Mashine ya kutia dawa kidogo kidogo iliharibika mwaka jana, sasa anatia kwa ndoo. Nikamuuliza, nikichekacheka, kama anatia kila siku. Akajibu, "Dada, dawa yenyewe iko wapi ya kila siku? Tunatia siku za wageni, ndivyo mkubwa alivyoagiza." Halafu akaona kasha la chupa, akainamia ndoo yake.

Sisi ndio wageni. Kila Alhamisi tunapewa maji yaliyovishwa suti.

Lakini hapo pia kuna kitu hakijanikaa sawa. Chupa za bakteria haziendi tupu. Mwenzangu anatia ndani ya kila moja kiungaunga cheupe, chembe tu, cha kuzima klorini. Maana yake, maji yakiingia chupani dawa inakufa, na bakteria aliyekuwa hai bombani anafika maabara akiwa hai. Ndiyo kazi ya ule unga. Sasa kama Mganga anawaona wakiwa hai bombani, kwenye sahani wanakwenda wapi?

Machi 27

Sahani safi. Nimeanza kumchukia Mganga, maskini, wala hana kosa.

Machi 31

Jumanne, si siku ya wageni. Nimeomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, nikaenda bondeni na Mganga, chupa yangu kwapani. Hakuna harufu ya klorini hata ya kusingizia. Karibu na bomba kuna mtaro, na mtaro umefurika maji ya vyoo, na bomba kuu linapita chini ya mtaro huo.

Mganga: mia moja kumi na nane.

Mama Kicheko alinikuta pale. Ana ndoo kichwani na nyingine mkononi. "Wewe na hicho kisanduku, utaolewa nacho?" Nikamsihi achemshe. Nikamwambia kwa ukali, mpaka akaacha kucheka. "Mume wangu analeta majibu safi kila wiki," akasema. "Nikichemsha mbele yake itakuwa namwambia nini? Kazi yake ndiyo heshima yake, mwanangu."

Aprili 1

Sahani ya jana imejaa. Imejaa mpaka vidoa vimeshikana, havihesabiki. Mwenzangu hakutania leo. Ameisogeza kwangu, akavua glavu na kukaa.

Aprili 2

Nimempelekea Mkurugenzi sahani mkononi, mpaka mezani. Amesogeza kikombe chake mbali nayo.

"Nani alichukua?"

"Mimi."

"Wewe ni mchukua sampuli?"

"Mheshimiwa, bakteria hawaulizi vyeo."

"Utaratibu unauliza. Chupa haikutoka kwenye ratiba, haikupigwa muhuri, haikubebwa na mtu aliyeidhinishwa. Kwangu mimi hii ni sahani ya uchafu." Akaongeza kwa sauti ya baba mlezi, "Mjomba wako anastaafu mwakani. Zawadi ya utumishi bora iko njiani. Unataka kumharibia mzee wa watu?"

Nimetoka na sahani yangu. Nilichokileta kama ushahidi kinageuzwa kisu cha kumchinja mjomba wangu mwenyewe.

Aprili 6

Mama Kicheko ana homa. Mjomba kasema ni mafua ya mvua.

Aprili 8

Si mafua. Ni homa ya matumbo, na imempata vibaya, wanahofia utumbo utatoboka. Amelazwa. Wodi nzima ni watu wa bondeni. Nimewatambua wengine kwa sura za bombani. Muuguzi anapita na dripu kama mgawa chai. Nimemshika Mama Kicheko mkono, umechemka. Alijaribu kunitania, midomo ikasogea, sauti haikutoka.

Mjomba amekaa kwenye benchi la nje, koti limefungwa vifungo vyote. Nikamwambia asije kazini kesho. Akasema, "Kesho Alhamisi. Nani atabeba chupa?"

Aprili 9

Naandika haya hata nguo za mvua sijabadili.

Leo mvua imetukuta bondeni, ile ya kushuka bila kubisha hodi. Dereva hakutaka kutoka. Mjomba akashuka na kasha lake, nami nikamfuata na mwavuli, kwa sababu mkewe yuko hospitali na yeye hajala, na sikutaka alowe. Ni hivyo tu. Kama isingenyesha ningebaki nyuma ya gari nimeinamia kisanduku, kama Alhamisi zote.

Nilikuwa nimesimama bega kwa bega naye. Akafuta bomba kwa spiriti. Akalichoma, kiberiti kikizimika mara mbili. Akaacha maji yatiririke. Akafungua chupa, hakugusa mdomo wake hata kwa bahati mbaya. Akatia maji kidogo, akatikisa, akamwaga. Akatia tena, akatikisa, akamwaga. Na mara ya tatu. Nikaona kile kiungaunga cheupe cha mwenzangu kinateremka na maji, kinazunguka kidogo kwenye sakafu ya saruji na kuingia kwenye tundu. Ndipo akaijaza chupa, akaifunga, akaifuta kwa leso.

"Mjomba," nikasema, "kwa nini unaisuuza?"

"Chupa gani isiyosuuzwa?" Alishangaa kabisa. "Mara tatu kwa maji yale yale unayochukua. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza niliyofundishwa, kabla hujazaliwa. Ukiona mtu hasuuzi, ujue huyo ni mvivu."

Na ni kweli. Alipoanza kazi walikuwa wanapima chumvi na chuma tu, na kwa hiyo chupa unasuuza mara tatu. Baadaye ndipo wakaanza kupima bakteria. Wakampa chupa mpya, na hakuna aliyetoka ndani kumwambia kwamba za sasa zina kitu ndani, hazisuuzwi. Tangu siku hiyo mtu msafi kuliko wote katika mji huu anamwaga kwa mkono wake kile kinachosema ukweli. Klorini ya Alhamisi, ambayo kwa Mganga huzimwa na chambo chake, inabaki ndani ya chupa. Gari linazunguka mji, chupa ziko kwenye kasha, dawa inaua taratibu njia nzima, na tukifika maabara kila kitu kimekufa. Maji yanasafikia kwenye gari. Watu wanayanywa bombani.

Nilishika mwavuli. Nilitaka kusema. Nikamtazama mzee yule, maji yanamchuruzika kwenye ukosi, anapanga chupa zake kwenye kasha kwa upole kama mayai, na mkewe yuko wodini kwa maji ambayo yeye anayaamini kwa sababu ya chupa hizo hizo. Nikajiambia: akipona Mama Kicheko, nitamwambia mimi mwenyewe, nyumbani kwake, tumekaa.

Aprili 10

Nimekwenda kwa Mkurugenzi. Tangi lile lazima lifungwe, na halitafungwa mpaka aamini kwamba sahani zilikuwa zinadanganya. Nikamweleza yote, kuanzia unga hadi klorini ya Alhamisi. Nikamwomba kitu kimoja: ya Mjomba niachiwe nimwambie mimi.

Nilitegemea atakasirika. Uso wake ukakunjuka, ukawa kama wa mtu aliyeondolewa jiwe kwenye kiatu.

"Kumbe ni suala la mpimaji," akasema.

"Ni suala la tangi, Mheshimiwa. Na bomba chini ya mtaro. Na dawa inayotiwa siku moja kwa wiki."

"Nimekuelewa. Nenda, tutalimaliza kwa utaratibu."

Nikaondoka nimefurahi. Mjinga mimi.

Aprili 11

Tangi halijafungwa.

Aprili 13

Tangi halijafungwa. Mkurugenzi yuko semina.

Aprili 14

Mama Kicheko amefariki asubuhi.

Aprili 15

Tumemzika mvua ikinyesha. Watu wa bondeni walijaa, na waliokuwa wanacheka wakimkumbuka ndio waliolia zaidi. Wakati wa kunawa mikono, mtu alileta ndoo ya maji ya bomba. Mjomba akawanawisha wageni yeye mwenyewe, mmoja mmoja, akasuuza kata kila baada ya mtu.

Niliangalia pembeni.

Aprili 17

Sikumwambia. Nani anamwambia mfiwa jambo kama hilo, matanga hata hayajaanuliwa? Nimepanga Jumapili.

Aprili 19

Jumapili. Nyumba ilijaa watu. Hatukupata nafasi ya kukaa wawili. Nimepanga kesho jioni.

Aprili 20

Sikufika jioni. Saa nne asubuhi tuliitwa chumba cha mikutano: mimi, mwenzangu wa maabara, Fundi wa Dawa, na Mjomba akiwa na koti la mazishini. Alidhani anaitwa apewe pole. Alikuwa hata ameandaa maneno ya shukrani, nilimwona akiyapitia kimya kimya mlangoni.

Mkurugenzi hakuzunguka mbuyu. Akasema imegundulika kwamba kwa miaka mingi mchukua sampuli amekuwa akivuruga chupa kwa kuzisuuza, hivyo majibu yote ya mamlaka hayakuwa sahihi, na kwamba wakazi wa bondeni wamepata madhara kutokana na uzembe huo. Alitumia neno hilo. Uzembe, kwa mtu anayekata kucha kila siku.

Mjomba aliuliza kwa adabu, "Chupa zilikuwa na kitu ndani?"

"Ndiyo, Mzee," mwenzangu akajibu, macho yako mezani. "Unga wa kuzima klorini."

"Nani aliutia?"

"Mimi, Mzee."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

Nilimwona akiifuata njia ile ile niliyoifuata mimi chini ya mwavuli, hatua kwa hatua, na sikuweza kumshika mkono arudi. "Kwa hiyo wadudu walikuwa wanafia chupani," akasema polepole. "Kwenye gari langu. Na sisi tunawanywa wazima." Akatoa leso, akaikunja. "Na mimi nikamwambia asichemshe."

Hapo nikasimama. Nikasema yote kuhusu klorini ya Alhamisi. Nikasema bila ile ndoo ya siku ya wageni, chupa isuuzwe isisuuzwe, sahani zingejaa tangu mwaka jana, na kwamba mtu aliyeagiza ndoo hiyo yuko chumbani humu. Mkurugenzi akamgeukia Fundi wa Dawa. "Dawa unatia lini?"

Fundi akatazama viatu vyake. Ana watoto watano na kazi moja. "Kila siku, Mheshimiwa."

"Basi," akasema Mkurugenzi, na kufunga faili.

Mjomba amesimamishwa kazi. Nilimkimbilia hadi getini. Hakuwa analia. Aliniuliza swali moja tu.

"Ulijua lini?"

"Ile Alhamisi ya mvua, Mjomba. Nilipokushikia mwavuli."

"Ukamwambia yeye kwanza."

Nikaanza kueleza, nilitaka kungoja apone, nilitaka tukae nyumbani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyonisikiliza siku zote, halafu akavuka barabara.

Aprili 23

Tangi la chini limefungwa. Tangazo limebandikwa: "kutokana na kosa la kibinadamu la mchukua sampuli." Watu wa bondeni wanalisoma na wanajua ni nani. Wiki iliyopita walimzikia mke.

Aprili 27

Nimekwenda kwake. Mlango umefungwa kwa ndani. Nikakaa barazani nikaongea na mlango.

Mei 1

Mvua imepungua. Nimeongea na mlango tena.

Mei 4

Tangi limefunguliwa. Wamelisugua, wakalipaka rangi ya bluu nje. Bomba chini ya mtaro halijaguswa. Mashine ya dawa haijaguswa. Nimemuuliza Mkurugenzi akasema chanzo cha tatizo kimeshaondolewa.

Chanzo cha tatizo kinaishi nyumba ya tatu.

Mei 7

Sasa mchukua sampuli ni mimi. Alhamisi yangu ya kwanza peke yangu. Bomba la bondeni linanuka klorini kama kawaida ya wageni. Nimejaza chupa bila kusuuza, nimeuona ule unga unayeyuka ndani. Chupa ya muhuri, ya ratiba, ya mtu aliyeidhinishwa. Nikajisemea, haya, leo tuone watakimbilia wapi.

Mei 8

Vidoa arobaini na moja. Jana Mganga alisema arobaini na tatu. Sahani ya Alhamisi na Mganga wamekubaliana kwa mara ya kwanza, na mwenzangu akanipa mkono kana kwamba nimejifungua. Nimepeleka majibu.

Mei 12

Waraka umetoka. "Kwa ajili ya kuboresha ufanisi, kituo cha sampuli cha bondeni kinahamishiwa nyumba ya pampu." Nyumba ya pampu iko juu mlimani, maji yanapotoka kwenye chujio, kabla hayajaonja mtaro wowote.

Mei 15

Sahani safi.

Mei 18

Nimewaandikia wakubwa wa Mkurugenzi. Mwenzangu ameweka sahihi yake chini ya yangu, sikumwomba. Fundi wa Dawa amesema atafikiria. Nimezunguka bondeni nyumba kwa nyumba nikiwaambia wachemshe. Mama mmoja akaniuliza, "Si wewe mpwa wake yule mzee?" Nikasema ndiyo. Akasema amesikia, na kufunga mlango. Sijui kama atachemsha.

Mei 22

Watu wa chuo wamekuja kumchukua Mganga. Wameridhika, wanasema amefanya kazi vizuri sana, matokeo yatawafaa. Nimeomba nibaki naye mpaka kesho asubuhi. Vipande vya dhahabu vimekwisha, kimebaki kimoja.

Alasiri nilikwenda kwa Mjomba, na leo mlango ulikuwa wazi. Nyumba nzima ilikuwa mvuke. Sufuria tatu ziko jikoni juu ya moto, nyingine sakafuni zinapoa, na madumu yamejipanga hadi chumbani. Kumbe anachemsha kila kitu: maji ya kunywa, ya kuoga, ya kudekia. Amekonda. Kucha zimeachwa kuota, na hilo liliniuma kuliko kukonda kwake.

"Kaa, mpwa wangu," akasema. Aliniita mpwa wangu, nikakaa haraka kabla hajabadili mawazo.

Hatukuongea habari ya ofisi. Akachukua bilauri, akatia maji kidogo, akatikisa, na mkono ukasimama hewani. Akaitazama ile bilauri kwa muda. Nikasema, "Suuza tu, Mjomba. Hiyo ni bilauri." Hakusuuza. Akaiweka chini, akaketi mbele yangu na kuviringisha leso vidoleni.

"Hicho kisanduku chako," akasema, "umekuja nacho?"

Nilikuwa nacho. Aliteka maji mwenyewe kutoka sufuria iliyopoa, akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikatia kwenye kichupa cha chambo, nikachomeka kile kipande cha mwisho, tukasubiri. Saa nzima tulikaa pale tukisikiliza maji yakichemka. Mara moja akasema Mama Kicheko angecheka kutuona. Nikasema angeniuliza harusi ni lini. Akatabasamu kidogo, na mimi nikaanza kuamini kwamba tutapona.

Mganga akalia. Nikamgeuzia Mjomba kioo aone kwa macho yake. Sifuri.

"Safi, Mjomba. Safi kabisa. Unaweza kunywa."

Aliitazama ile namba, akanitazama mimi, wala hakuwa na hasira.

"Hata zangu zilikuwa safi," akasema. Akainua sufuria, akairudisha motoni.